Timu Yasimamishwa, Wageni Wabebeshwa Mzigo: Kisa cha Mateso ya Ukaribisho Katika Timu ya Chuo

Kisa hiki kinahusu timu ya soka ya wanawake ya chuo kimoja binafsi nchini Marekani, iliyosimamishwa kwa siku 23 wakati chuo kikichunguza mateso waliyofanyiwa wachezaji wapya. Jina la chuo, jimbo na mwaka vimeondolewa, na mambo madogo yanayoweza kumtambulisha mtu yamebadilishwa. Kimeandikwa kwa ajili ya wale wanaokaa kwenye meza ya uamuzi asubuhi ya kwanza: mshauri wa wanafunzi, mkurugenzi wa michezo, kocha, mwanasheria wa chuo.

Mateso ya ukaribisho (kwa Kiingereza hazing) hapa ni lile jambo ambalo wakongwe wa kundi huwafanyia wageni ili wakubaliwe kuwa wenzao: kunyweshwa pombe, kunyimwa usingizi, kufungiwa, kudhalilishwa, kuachwa kwenye baridi. Sheria ya shirikisho ya Stop Campus Hazing Act, iliyosainiwa Desemba 2024, inayaeleza kuwa ni tendo la makusudi au la uzembe mkubwa linalofanywa wakati wa kumwingiza mtu kwenye kundi au kumbakiza humo, na linalomweka kwenye hatari ya kuumia mwili au akili kuliko ile hatari ya kawaida ya shughuli yenyewe. Kukimbia mbio ngumu mazoezini ni soka. Kusimamishwa uani usiku ukiwa umeloa si soka. Jambo la kushika tangu sasa ni kwamba sheria hiyo haijali kama mtu alikubali. Hilo ndilo lililopotea kwenye uchunguzi wa kwanza wa kisa hiki.

Usuli

Timu ilikuwa na wachezaji 28, wanane kati yao wa mwaka wa kwanza. Chuo kilikuwa Daraja la Tatu la NCAA (shirika linalosimamia michezo ya vyuo Marekani), ambako hakuna ufadhili wa masomo unaotolewa kwa ajili ya michezo, kwa hiyo hakuna mchezaji aliyekuwa hatarini kupoteza ada kwa sababu ya uamuzi wowote wa timu. Vitisho vya aina nyingine vilikuwepo. Wanane hao walikuwa wamefika chuoni wiki tatu kabla ya wanafunzi wengine wapya, kwa ajili ya mazoezi ya kabla ya msimu. Marafiki wao wote, watu wa kula nao, wa kutembea nao na wa kuwaonyesha madarasa yalipo, walikuwa ndani ya timu. Mtu wa namna hiyo akiambiwa "usipokuja utakuwa peke yako", anaambiwa kweli tupu.

Wakongwe watano walipanga nyumba nje ya eneo la chuo. Mkataba wa nyumba hiyo ulikuwa ukirithishwa ndani ya timu mwaka hadi mwaka. Kila msimu, baada ya ushindi wa kwanza nyumbani, kulifanyika kitu kilichoitwa Usiku wa Familia. Kila mkongwe alilijua jina hilo, na kocha mkuu alilijua pia. Alisema baadaye kwamba alidhani ni chakula cha jioni. Hata hivyo kila mwaka aliyaondoa mazoezi ya Jumapili inayofuata.

Usiku wenyewe

Jumamosi moja katikati ya Septemba, saa tatu usiku, wageni wanane walifungwa vitambaa machoni, simu zao zikakusanywa kwenye foronya ya mto, wakapelekwa kwa magari mawili hadi kwenye nyumba ile. Walipangwa jozi nne. Kila jozi ilipewa chupa moja ya mililita 750 ya pombe kali ya asilimia 40 na kuambiwa haiondoki pale hadi iishe.

Hesabu ya chupa hiyo inafaa kujulikana na kila anayesimamia vijana. Kipimo kimoja cha kawaida cha pombe kwa Marekani ni gramu 14 za alkoholi, na chupa ya namna hiyo ina vipimo 17 hivi. Wawili wakigawana, kila mmoja anapata vipimo vinane na nusu. Kwa mwanamke, vipimo vinne ndani ya saa mbili hivi vinatosha kuhesabiwa unywaji wa hatari. Wageni wote wanane walikuwa chini ya miaka 21, umri halali wa kunywa pombe nchini humo.

Kati ya mizunguko ya kunywa waliulizwa maswali ya faragha kuhusu mapenzi mbele ya wote. Aliyekataa kujibu alimwagiwa maji na kupelekwa kusimama uani, kwenye nyuzi joto 9, akiwa na kaptula na fulana ya mazoezi. Watatu walipelekwa huko.

Saa tano na nusu mmoja wa wageni alianguka na hakuamka alipotikiswa. Wakongwe walimlaza kitandani "alale imtoke". Simu ya dharura ilipigwa saa sita na dakika 20, yaani dakika 50 baadaye, na aliyeipiga ni mkongwe wa mwaka wa pili aliyetoka nje kwa siri. Mtu aliyekunywa haraka anaendelea kulewa hata baada ya kuacha, kwa sababu pombe iliyo tumboni bado inaingia kwenye damu. Asiyeamka anageuzwa ubavu ili asipaliwe na matapishi, anakaliwa karibu muda wote, na simu inapigwa hapo hapo. Wageni wenzake saba walitaka kupiga. Simu zao zilikuwa kwenye foronya.

Mgonjwa alilala hospitali usiku mmoja, akatoka.

Siku mbili za mwanzo

Jumapili asubuhi nahodha alimwandikia kocha ujumbe mfupi: mwenzetu aliumwa usiku, yuko salama. Kocha alijibu kwa pole na hakumwambia mtu mwingine. Kwa Sheria ya Clery, sheria ya shirikisho inayovitaka vyuo kutangaza takwimu za uhalifu na usalama, makocha ni miongoni mwa watu wa chuo wanaotakiwa kupeleka mbele taarifa za matukio ya aina hii, na kocha huyu alikuwa amehudhuria mafunzo yake.

Jumapili jioni mwenzake wa chumba wa mgonjwa, ambaye hakuwa mchezaji, alijaza fomu ya kutoa taarifa bila jina kwenye tovuti ya chuo na kuambatisha picha mbili za skrini. Fomu ilimfikia afisa wa zamu usiku huo huo. Pasingekuwa na fomu hiyo, chuo kingebaki na karatasi ya gari la wagonjwa inayosema "ulevi" na basi.

Jumatatu saa tatu asubuhi walikutana mshauri wa wanafunzi, mkurugenzi wa michezo, mwanasheria na mkuu wa usalama. Walikuwa na mambo mawili mbele yao: mtu alikuwa ameshalazwa hospitali, na timu ilikuwa na safari ya kulala nje Ijumaa, ambako wageni wangegawiwa vyumba na wakongwe wale wale. Wakaamua kusimamisha shughuli zote za timu kuanzia saa sita mchana, na polisi wa mji wakaarifiwa. Uamuzi wenyewe ulikuwa sahihi na ulifanyika haraka. Makosa yalianzia kwenye utekelezaji.

Kosa la kwanza lilichukua nusu saa. Mkurugenzi wa michezo, kwa nia ya kumheshimu kocha, alimpigia saa tano na nusu ili asisikie kwa watu. Kocha alimpigia nahodha kuuliza kulikoni. Kufikia saa sita kasoro dakika kumi, kundi la ujumbe la wakongwe lilikuwa limefutwa, pamoja na picha na video zilizokuwemo. Kwa kuwa simu za wageni zilikuwa zimechukuliwa usiku ule, karibu kila picha ya tukio ilikuwa kwenye simu za waliolifanya.

Mpangilio unaofaa ni mwingine. Barua ya kuhifadhi ushahidi inatumwa kwanza, kwa wachezaji wote na benchi lote la ufundi kwa dakika moja, ikisema wazi kwamba kufuta ujumbe, picha, kumbukumbu za malipo au mafaili kuanzia sasa ni kosa linalojitegemea. Kitengo cha kompyuta kinaambiwa kufunga nakala za akaunti za chuo kabla barua haijatoka. Kocha anaitwa ofisini, anaambiwa ana kwa ana, na anakaa pale mpaka barua imekwenda. Kufanya hivyo si kumshuku. Ni kumwondolea nafasi ya kufanya lile ambalo kocha yeyote anayeipenda timu yake angelifanya.

Barua ya mistari minne

Barua pepe iliyotumwa saa sita ilisema kwamba timu imesimamishwa mara moja kutokana na tuhuma za mateso ya ukaribisho, kwamba shughuli zote za timu zimesitishwa hadi itakapotangazwa vingine, kwamba uchunguzi unaendelea, na kwamba wachezaji watatoa ushirikiano.

Kila kilichoharibika siku tisa zilizofuata kinaweza kuonekana kwenye mistari hiyo. Haikusema kusimamishwa ni kwa ajili ya nini. Mchezaji anayesoma neno "imesimamishwa" anasoma adhabu, na kama ni adhabu, anatafuta aliyeileta. Kabla ya saa nane mchana wakongwe walikuwa wanawauliza wageni mmoja mmoja ni nani "aliyetuuza".

Haikusema "shughuli zote" ni zipi. Wahudumu wa jengo la michezo walilitafsiri kwa usalama wao wakafunga kila kitu. Beki aliyefanyiwa upasuaji wa goti mwezi Juni, na ambaye usiku ule alikuwa kwao na familia yake, alikosa vipindi vitano vya matibabu ya viungo. Mwalimu wa ziada wa hisabati aliyelipwa kupitia timu aliacha kuja. Kwa upande mwingine, haikukataza wachezaji kukutana wenyewe, na Jumatatu jioni wakongwe 15 walikaa sebuleni kwenye nyumba ile ile kwa saa mbili. Kwa maneno mengine, chuo kilizuia matibabu na kikaruhusu kikao cha kupanga maneno.

Haikusema lini hali itaangaliwa upya. Haikusema lolote kuhusu kulipiza kisasi, wala haikuwaambia wageni kwamba unywaji wao wa usiku ule hautaadhibiwa. Chuo kilikuwa na utaratibu wa kutomwadhibu anayeomba msaada wa matibabu au kusema ukweli juu ya tukio la pombe, lakini ulikuwa kwenye ukurasa wa 41 wa mwongozo wa wanafunzi. Wageni wanne waliamini kwamba wakisema walikunywa watafukuzwa.

Barua inayofaa haihitaji kuwa ndefu. Inaeleza kwamba hii ni hatua ya kulinda watu na ushahidi wakati ukweli unatafutwa, si adhabu wala hukumu. Inataja vilivyositishwa: mechi, mazoezi, safari, mikutano ya timu iwe rasmi au ya sebuleni, mazungumzo juu ya tukio kati ya wachezaji. Inataja visivyoguswa: matibabu, chakula, masomo ya ziada, ushauri nasaha, mazoezi binafsi ya viungo kwa saa maalum. Inatoa tarehe ya kuangaliwa upya, siku saba au kumi, na mambo yatakayoangaliwa. Inasema nani hataadhibiwa kwa kusema nini. Inampa kila mchezaji jina na simu ya mtu mmoja wa kumpigia, asiye wa idara ya michezo. Kwa chuo cha umma kuna sababu zaidi ya kuandika hivi: tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Goss v. Lopez ya 1975, iliyohusu wanafunzi wa sekondari za umma, msimamo ni kwamba anayesimamishwa masomo anaambiwa tuhuma na kupewa nafasi ya kujibu, na hata pale hatari inapolazimu aondolewe kwanza, taarifa na nafasi hiyo vifuate mapema iwezekanavyo. Kuwa nje ya timu si sawa na kuwa nje ya darasa, lakini utaratibu huo unamfaa yeyote.

Uchunguzi wa kwanza

Mahojiano yalianza Alhamisi, yakifanywa na maafisa wawili wa chuo kwa mpangilio wa alfabeti. Wachezaji waliokuwa wakisubiri walikaa kwenye benchi moja la korido. Mgeni wa pili kuitwa alikaa dakika 25 katikati ya nahodha wawili.

Swali la msingi lilikuwa: "Je, ulilazimishwa kufanya jambo lolote?" Kati ya wachezaji 19 waliohojiwa siku hizo mbili, 17 walijibu kwa maneno yanayokaribiana sana: hakuna aliyelazimishwa, kila mtu alikuwa na hiari. Maafisa waliandika kwamba ushahidi haulingani na picha za skrini.

Swali hilo lilikuwa baya hata kama pasingekuwa na njama. Kwa mujibu wa sheria, jibu lake halina uzito, kwa kuwa kukubali hakufuti kosa. Mbaya zaidi, linaomba jibu la hapana. Utafiti wa Elizabeth Allan na Mary Madden wa Chuo Kikuu cha Maine, uliotoka 2008 baada ya kuhoji zaidi ya wanafunzi 11,000 kwenye vyuo 53, ulikuta kwamba asilimia 55 ya walio kwenye vilabu, timu na vikundi walikuwa wamepitia matendo ya aina hii, na kwamba wanafunzi tisa kati ya kumi waliopitia matendo hayo hawakujiona kuwa wameteswa. Kati ya waliojua na kusema kwamba yaliwapata, asilimia 95 hawakuwa wameripoti kwa chuo. Mtu hakatai tu kusema. Mara nyingi hana hilo neno kwa yaliyompata. Ukimwuliza kwa neno lako, utapata hapana ya kweli juu ya jambo lililotendeka.

Kulikuwa na tundu jingine. Maswali ya mapenzi yaliyoulizwa usiku ule yaligusa Title IX, sheria inayokataza ubaguzi na unyanyasaji wa kijinsia vyuoni, na mratibu wake hakuwa ameitwa. Alipata habari siku ya tano, kwa bahati, kutoka kwa mshauri nasaha.

Uchunguzi wa pili

Siku ya nane chuo kiliajiri mchunguzi wa nje, wakili asiye na kazi nyingine na chuo hicho. Aliyatupa mahojiano ya kwanza, si kwa kuyafuta, bali kwa kuyaweka kando kama kumbukumbu ya nani alisema nini lini.

Aliwaanza wageni, na alianza nao kwa sababu iliyo wazi: ndio wenye mengi ya kusema na machache ya kuficha. Aliwahoji nje ya chuo, kila mmoja dakika 90, wakifika na kuondoka kwa milango tofauti, bila wawili kukutana. Hakutumia neno mateso. Aliomba wasimulie kuanzia walipovaa hadi walipolala. Kisha akauliza mambo manne tu: ungekataa kwenda, nini kingetokea? Ulimwona mtu akikataa chochote, akafanywaje? Simu yako ilikuwa wapi kila saa? Ungependa mdogo wako apitie usiku ule? Swali la foronya ndilo lililofungua kisa. Mtu anaweza kubisha kama alilazimishwa. Hawezi kubisha kwamba simu yake ilikuwa kwenye mfuko wa mtu mwingine kwa saa tatu.

Ushahidi wa vitu ulitoka mahali ambapo wakongwe hawakupafikiria. Orodha ya maandalizi ya Usiku wa Familia ilikuwa imeandikwa kwenye akaunti za chuo, na ingawa ilifutwa Jumatatu, kitengo cha kompyuta kiliirejesha ikiwa na historia yake yote ya miaka mitatu: nani aliongeza nini, tarehe gani. Malipo kwa programu ya simu yalionyesha watu 14 waliotuma dola 8 kila mmoja kwa mtu mmoja, wiki moja kabla ya tukio. Watu hao 15 walilingana jina kwa jina na waliotajwa na wageni kuwa walikuwepo. Wakongwe watano waliobaki hawakulipa na hawakuwepo.

Wachezaji wawili walikataa kuhojiwa kwa ushauri wa mawakili wao, kwa sababu polisi nao walikuwa kazini. Mchunguzi aliandika kwamba walikataa na hakuhesabu ukimya wao dhidi yao. Alihoji watu 31 kwa jumla: wachezaji 26, mwenzake wa chumba wa mgonjwa, kocha mkuu, msaidizi wake, mtaalamu wa viungo wa timu na jirani wa nyumba ile.

Siku ya kumi barua mpya ilitoka ikifuata namna iliyoelezwa hapo juu. Matibabu yalirudi siku hiyo hiyo. Wageni walipewa saa zao za mazoezi na kocha wa viungo asiye wa timu.

Maamuzi na matokeo

Ripoti ilitolewa siku ya 23. Kwa kipimo cha uwezekano mkubwa zaidi, yaani kwamba kuna uwezekano zaidi jambo lilitendeka kuliko kwamba halikutendeka, ilipata waandaaji sita, wakiwemo nahodha wote wawili, na washiriki tisa waliojua na kuhudhuria. Waandaaji waliondolewa kwenye msimu, na wawili kati yao walisimamishwa masomo muhula mmoja: mmoja kwa kuwazuia wenzake kupiga simu ya dharura, mwingine kwa kuongoza ufutaji wa ushahidi. Washiriki tisa walikosa mechi mbili zaidi. Mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyepiga simu alikuwa mmoja wa hao tisa. Adhabu yake ilifutwa kwa utaratibu wa kutomwadhibu anayeomba msaada, na akachagua kukaa nje ya mechi hizo mbili na wenzake.

Mechi sita zilikuwa zimefutwa. Timu ilirudi uwanjani na wachezaji 12, kipa akiwa mmoja tu kati yao: wageni saba na wakongwe watano ambao hawakuwepo usiku ule, ikapoteza mechi zote mbili za kwanza. Aliyelazwa hakurudi kwenye timu na alihama chuo mwisho wa muhula.

Kocha, aliyekuwa amewekwa kando huku akiendelea kulipwa mshahara, alipewa onyo la maandishi kwa kutopeleka taarifa ya Jumapili na kwa kutouliza. Hapa ripoti ilikuwa na upole ambao ushahidi wake hauubebi. Kuondoa mazoezi kila mwaka asubuhi inayofuata usiku uleule ni kujua kitu, hata kama mtu hajataka kukijua chote.

 Taarifa ya wazi kwa umma inayodaiwa na Stop Campus Hazing Act ilileta ugumu wake. Inatakiwa kutaja kundi, maelezo ya kosa, kama pombe ilihusika, uamuzi, adhabu na tarehe, lakini isimtambulishe mtu. Rasimu ya kwanza ilisema "mchezaji mmoja wa mwaka wa kwanza alilazwa hospitali". Kwenye timu yenye wageni wanane, ambayo mmoja wao hayupo tena, hilo ni sawa na kuandika jina lake. Ilibadilishwa kuwa "tukio lilihitaji huduma ya dharura".

Kilichosaidia na kilichoumiza

Kusimamisha timu siku ya kwanza kulikuwa sahihi, na wanaosema chuo kingesubiri ripoti wakumbuke Chuo Kikuu cha Vermont. Huko, mwishoni mwa 1999, timu ya magongo ya barafu ya wanaume iliendelea kucheza baada ya uchunguzi wa kwanza. Januari 2000 msimu wote uliobaki ukafutwa ilipobainika kwamba wachezaji walikuwa wamewadanganya wachunguzi. Timu inayoendelea kucheza pamoja inaendelea kusafiri pamoja, kula pamoja na kukubaliana pamoja.

Lakini kusimamisha timu nzima kunamgusa kila mtu sawa, na wageni si sawa na wakongwe. Mkongwe aliyezuiwa kucheza ana marafiki, ana nyumba, anayo miaka mitatu ya chuo nyuma yake. Mgeni aliyezuiwa kucheza amepoteza kila kitu alichokuja nacho, na kila mechi inayofutwa inahesabiwa kichwani pake. Mgeni mmoja alikuta neno "msaliti" limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito ndani ya kabati lake la viatu siku ya sita. Aliyeandika hakujulikana, kwa sababu jengo la michezo halikuwa na mtu wa kuliangalia: wahudumu walikuwa wamelifunga na kuondoka, huku wakongwe wakiwa na funguo.

Hapo ndipo barua ya siku ya kumi ilifanya kazi zaidi ya uchunguzi wenyewe. Iliposema wazi kwamba wageni hawatuhumiwi, kwamba muda wa kusimamishwa unategemea kazi ya mchunguzi na si maneno ya mtu yeyote, na kwamba mechi haziwezi kurudishwa kwa kubadilisha ushahidi, wageni watatu waliokuwa wamesema "hiari" waliomba kuhojiwa upya ndani ya saa 24. Hakuna aliyewashawishi. Mzigo ulikuwa umeshuka mabegani mwao ukarudi kwa chuo, ambacho ndicho kilichoamua.

Kuwarudisha kwa awamu nako kulisaidia. Kanuni iliyotumika ilikuwa nyepesi: yeyote ambaye hakuna ushahidi dhidi yake anarudishiwa kila kitu kisichohatarisha mtu wala ushahidi, na anarudishiwa mapema, bila kusubiri ripoti. Ingetumika siku ya kwanza, beki wa goti asingepoteza wiki na nusu.

Msimu uliofuata, wageni wanne kati ya wanane walikuwa bado wanacheza. Usiku wa Familia ulifutwa, na mazoezi ya Jumapili yalirudi kwenye ratiba. Nyumba ile haikuguswa. Ni mali ya mtu binafsi, mkataba ni wa wapangaji, na masika yaliyofuata ulisainiwa na wachezaji wanne wa timu hiyo hiyo, wawili kati yao wakiwa wale waliokuwa wageni usiku ule.